Maswali Yenu: Pasipoti, Viza na Safari ya Kwenda Dar Kutoa Alama za Vidole

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Mbeya, Rungwe, Mufindi na huko Tunduma, na karibu zote zinalia kitu kimoja: nimeomba pasipoti au viza, nasubiri, sijibiwi, na kila nikiuliza naambiwa nirudi. Nimechukua chache ambazo naona majibu yake yatawafaa na wengine.

Dada habari za kazi. Niko Uyole. Nilijaza fomu ya pasipoti onlaini pale stesheneri, nikalipa elfu ishirini ya mwanzo, nikapeleka makaratasi ofisini wakanirudisha, wanasema majina hayafanani. NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika jina la ukoo kwa ky, cheti cha kuzaliwa kina ki, cheti cha form four nacho kina lake. Nazunguka tangu kabla ya mavuno na huku nafasi yangu ya kusoma nje inakaribia kuisha muda. Hivi wanaochelewesha ni wao au ni mimi? — Kijana wa Uyole

Mdogo wangu pole sana, na usijilaumu, mana hayo majina hukuyaandika wewe. Aliyeandika cheti chako cha kuzaliwa alisikia jina akaliandika anavyojua, aliyekusajili shule naye hivyo hivyo, na kwa majina yetu ya Kinyakyusa yenye ky, gw na mw ndo kabisa, nyumba moja unakuta watoto watatu ukoo umeandikwa kwa namna tatu.

Ila nikwambie jambo ambalo wengi hawalijui: ombi lako bado halijaanza kuchelewa, kwa sababu bado halijaanza kufanyiwa kazi. Siku hazihesabiwi tangu ulipobonyeza kutuma kwenye kompyuta, zinahesabiwa tangu faili limepokelewa likiwa limekamilika, na wewe faili lako halijapokelewa. Hiyo inauma lakini ndo ilivyo, na kwenye viza ni vile vile. Kwaiyo nguvu zako zote sasa ziende kwenye majina, tena kwa mpangilio, usikimbilie tu ofisi iliyo karibu na nyumbani.

Anza kwa kuamua jina lipi linabaki. Kwa wewe unayeenda kusoma, ushauri wangu ni libaki lile la cheti cha mtihani, mana hicho ndo kigumu kubadilika kuliko vyote na chuo kimekupokea kwa jina hilo. Alafu nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko vizazi vinakosajiliwa kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, uulize marekebisho ya cheti cha kuzaliwa. Ukikipata kimekaa sawa ndo uende NIDA wilayani nacho. Ukienda NIDA kwanza bila cheti watakurudisha tena na hapo utasema wanakuonea kumbe umeanzia mwisho. Kama cheti kinagoma, muone wakili akuandikie kiapo cha majina, na ikibidi hati ya kubadili jina kabisa inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ila uliza kwanza uhamiaji wataikubali ipi kabla hujatoa hela ya wakili.

Cheti cha mzazi wako, au kiapo cha kuzaliwa kwake, nacho kikague. Watu wanasahau hapo, wanarekebisha la kwao wanafika dirishani jina la baba limeandikwa vingine, wanaanza upya.

Na hapo stesheneri, fomu ulijaza kwa imeili ya nani? Naomba ulizingatie hili, mana naona ndo linaumiza watu wetu kimya kimya. Mzee hana imeili, binti wa stesheneri anaweka ya kwake au anamfungulia mpya papo hapo na pasiwedi anabaki nayo yeye, alafu ujumbe unakuja kwamba kiambatanisho hakisomeki au njoo tarehe fulani, na mwenye shida yuko shambani hana habari anasema serikali imenyamaza. Yule binti wala hana nia mbaya, anahudumia watu wengi kwa siku na hawezi kukumbuka kila mtu. Imeili iwe yako au ya mtoto wako unayeishi naye, pasiwedi iandike kwenye daftari, namba ya ombi ipige picha na uiandike pia kwenye karatasi, na namba ya simu uliyoweka usije ukaitupa laini.

Kuhusu hela, pasipoti ya kielektroniki tangu ilipozinduliwa Januari 31, 2018 gharama yake ni 150,000 jumla, ile 20,000 uliyolipa imo humo, na inadumu miaka 10. Kabla hujaondoka dirishani soma jina lako kwenye skrini herufi kwa herufi, usione aibu kumwambia ofisa asubiri kidogo.

Kamwene dada. Mimi ni mzee wa Mufindi, nimechuma chai maisha yangu yote na vidole vimelika, mashine hainisomi. Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu, madaktari wamesema aende India akafanyiwe upasuaji na mimi ndo wa kumsindikiza. Ofisi moja tuliyoenda ipo ghorofani na lifti hakuna, nikambeba mgongoni mpaka juu, tukaambiwa mtandao hamna turudi wiki ijayo. Nauli kila safari nalipa ya watu wawili na kiti. Tufanyeje? — Baba wa Mufindi

Kamwene baba, na shikamoo. Barua yako nimeisoma nikakaa kimya muda mrefu. Kilichotokea pale sio bahati mbaya ya siku moja, ni makosa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, vyote viwili vinataka majengo na huduma za umma zifikike na kila mtu. Kwaiyo binti yako haombi fadhila. Ofisa ana miguu, ashuke na fomu zake chini.

Safari ijayo usibebe mtu mgongoni baba. Mtangulize kijana mmoja, au upige simu, useme nina mtu wa kiti cha magurudumu, naomba ahudumiwe chini, mtandao leo upo? Kama wanasuasua pitia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akuandikie barua ya utambulisho, hiyo barua inafungua milango mingi kuliko maneno matupu. Na jibu la ofisi ukiweza lipate kwa maandishi.

Vidole vyako: hilo ni tatizo la wakulima na wachuma chai wengi sana, watu walihangaika nalo wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole mpaka ukomo wa Januari 20, 2020 ukapita. Siku mbili tatu kabla ya kwenda paka mafuta mikono usiku, pumzika na jembe kama inawezekana, ukifika nawa kwa maji ya uvuguvugu ukauke, mwambie ofisa ajaribu vidole vingine maana sio vyote vimelika sawa. Vikigoma kabisa usikubali kuondoka hivi hivi, omba aandike kwenye faili kwamba alama zimeshindikana, asiandike kwamba hukuja.

Habari njema iko kwenye viza yenyewe. Mkishapata pasipoti, India inatoa viza ya matibabu kwa njia ya mtandao kwa Watanzania, hamhitaji kupanda basi kwenda Dar kwa ajili ya viza. Mgonjwa anaomba ya matibabu, msindikizaji anaomba ya kwake, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Mnatakiwa barua ya hospitali ya huko iliyowakubali, picha, na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6. Inakubali kukaa siku 60 na kuingia mara tatu. Alama za vidole wanachukua mkifika kule uwanja wa ndege, kwaiyo tunza mikono yako mpaka siku ya safari, na mueleze ofisa wa huko mapema. Tovuti ya kweli ni ile ya serikali ya India inayoishia na gov.in, zipo nyingi za kuiga zinazofanana nayo kwa sura na zinatoza hela kubwa, muonye huyo atakayekujazia. Jibu likija liprinti mtembee na karatasi.

Dada, kwaya yetu ya Kimoravian kutoka Rungwe imealikwa na usharika rafiki wa Ujerumani. Wenyeji wanasema viza ni siku 15 tu, kwaiyo kamati imepanga kwenda Dar mwezi mmoja kabla ya safari. Inatosha? Na watoto wawili wa kwaya nao waende? — Katibu wa kwaya, Tukuyu

Haitoshi ndugu katibu, badilisheni leo. Siku 15 ni za kalenda, na ni za kawaida tu, kanuni za Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, zinaruhusu ombi likihitaji uchunguzi zaidi zifike mpaka 45. Alafu zinaanza kuhesabiwa pale ombi limepokelewa limekamilika, sio siku mliyoomba miadi, na miadi yenyewe inaweza kuwa wiki nyingi mbele wakati wa kiangazi cha Ulaya ambapo kila kwaya na kila mwanafunzi anataka kwenda. Mnaruhusiwa kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, itumieni hiyo nafasi. Uingereza nako mchezo ni huo huo, ile wiki tatu wanayosema inahesabiwa baada ya kutoa alama za vidole.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu, chini ya miaka 6 bure. Wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, ila ulizeni kwa maandishi kama lazima mtoto afike mwenyewe, msije mkamlaza gesti Dar bure. Waliowahi kupata viza ya Schengen na kutoa alama ndani ya miezi 59 iliyopita nao waseme, alama zao zinaweza kutumika tena. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Tiketi msinunue zile zisizorudishwa hela kabla viza haijatoka, wekeni nafasi tu. Na mtu akinyimwa, anapewa fomu yenye sababu na ana haki ya kukata rufaa, msiitupe hiyo karatasi kwa hasira.

Nina neno na balozi hapa, na nalisema kwa heshima. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mwanakwaya mmoja nauli kwenda na kurudi, kulala, kula, siku za kazi zimepotea, na yote hayo ni kwa ajili ya kuweka vidole kwenye mashine dakika chache. Mashine hizo zinabebeka, NIDA walizunguka nazo mpaka vijijini kwetu. Balozi zikikubaliana, hata wiki moja kila baada ya miezi michache, ofisa aje Mbeya mjini apokee watu wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa na Katavi, uwanja wa Songwe upo na ndege zinatua. Anayesafiri awe ofisa mmoja, sio watu mia mbili. Makanisa, vyuo na hospitali za huku ndo zinatakiwa ziandike barua hiyo kwa pamoja, na katibu, kwaya yenu inaweza kuwa ya kwanza kuisaini.

Kuna kaka anasema nimpe laki tatu pasipoti itoke haraka, anajuana na watu wa ndani. Nimwamini? — Dada wa Mafinga

Hapana dadangu. Hela halali ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, na ukilipa jina la taasisi linatokea kwenye simu yako. Anayetaka utume kwenye namba yake binafsi anakula hela yako, na faili likiwa na kasoro linabaki na kasoro. Kama ana mtu ndani kweli basi ni rushwa, piga 113 TAKUKURU, ni bure. Kama una dharura ya kweli, ugonjwa au msiba, nenda na barua ya hospitali au ya mtendaji wa kata uombe mwenyewe kusikilizwa mapema.

Nauza mchele, nataka kuvuka Tunduma niingie Nakonde na siku nyingine Malawi kupitia Kasumulu. Nahitaji viza? — Mfanyabiashara, Vwawa

Viza hapana, Mtanzania anaingia Zambia na Malawi kwa matembezi bila viza. Hati ya kusafiria ndo unahitaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano tembea nayo. Tunduma siku hizi ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa sehemu moja, hakikisha tu umegongewa mihuri yote. Mchele wenyewe una vibali vyake, huo usiuchanganye na habari ya uhamiaji, waulize TRA na watu wa kilimo hapo hapo mpakani kabla gari halijapakia. Njia za panya achana nazo, ukikamatwa upande wa pili bila muhuri mzigo unakaa na wewe unakaa.