Uzamili wa jiografia na takwimu: sampuli kwanza, programu baadaye

Mkuu, umeuliza uanze na SPSS au R, programu za kuchambua takwimu, na hesabu uliziacha kidato cha nne. Programu isubiri. Anza na sampuli, maana data iliyokusanywa vibaya haiponywi na programu yoyote.

Tasnifu nyingi hapa kwetu zinatumia fomula ya Yamane, n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni kaya zote na e ni kosa unalokubali. Kaya 10,000 na kosa la 0.05 zinakupa 385. Fomula hiyo inachukulia kwamba umechagua kaya kinasibu kutoka orodha moja ya kaya zote. Wewe utachagua vijiji kwanza, halafu kaya 20 kila kijiji, na wanakijiji wanafanana: mvua ile ile, soko lile lile, barabara ile ile. Kwa hiyo kokotoa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni kaya kwa kijiji na ρ ni kiwango cha kufanana. Kwa m = 20 na ρ = 0.1 inakuja 2.9. Gawanya: kaya zako 400 za vijiji 20 zina uzito wa kaya 138 tu. Ukichukua vijiji 40 vya kaya 10, zinafika 210. Nauli itaongezeka, lakini hapo ndipo pa kutumia pesa, si kwenye kuongeza kaya katika kijiji kile kile.

Baada ya hapo fanya wastani, mkengeuko sanifu na rigresheni (kukadiria thamani moja kutokana na nyingine) ya kigezo kimoja kwa mkono, safu kumi za data zinatosha. Kisha hamia R. Ni bure, na kila hatua inabaki imeandikwa, msimamizi anaweza kuirudia. SPSS inafaa kwa dodoso, ila haijui kata ipi inapakana na ipi.

Na jiografia iko hapo kwenye kupakana. Ukimaliza rigresheni, chora ramani ya masalia, yaani tofauti kati ya thamani halisi na ile iliyokadiriwa na modeli. Kata zenye masalia chanya zikikaa kundi moja, modeli imeacha kitu, makosa sanifu huwa yanatoka madogo kuliko inavyostahili, na jedwali linajaa nyota za umuhimu wa kitakwimu zisizostahili. Pima kwa kipimo cha Moran, kinachoonyesha kama maeneo jirani yanafanana: soma mipaka kwa kifurushi cha R kiitwacho sf, kisha kwenye kifurushi cha spdep tumia poly2nb (majirani), nb2listw (uzito wao) na lm.morantest (kipimo chenyewe). Usitumie moran.test kwa masalia, haizingatii kwamba yametokana na modeli iliyokadiriwa. Kwa data ghafi, si masalia, pasipo na uhusiano tarajia −1/(n − 1), n ikiwa idadi ya maeneo, si sifuri kamili. Kwa mikoa 26 ya Tanzania Bara ni −0.04.

Wengi wanakwamia nb2listw. Mafia na Ukerewe ni visiwa, hazigusi wilaya nyingine, kwa hiyo hazina jirani na R inagoma. Kuna zero.policy = TRUE, lakini hiyo inaviacha visiwa nje ya hesabu. Mimi napendelea majirani wanne wa karibu kwa knearneigh, na sababu uiandike kwenye sura ya mbinu. Wilaya ya nchi kavu ikikosa jirani, mipaka ina nyufa ndogo, ongeza snap (umbali unaohesabiwa kuwa kugusana) kwenye poly2nb.

Kagua mfumo wa koodineti kabla ya kupima umbali. Faili likiwa la nyuzi, bafa (eneo la kuzunguka kitu) ya 500 kwenye QGIS, programu ya ramani, ni nyuzi 500, si mita. Kwa mita tumia kanda za UTM, kila moja na namba yake ya EPSG: Morogoro mjini iko UTM 37 Kusini (EPSG:32737), Dodoma mjini 36 Kusini (32736). Karatasi za ramani za zamani zenye msingi wa koodineti wa Arc 1960 zikichanganywa na GPS bila kubadilishwa, vitu vinahama karibu mita 300.

Ukilinganisha sensa ya 2012 na ya 2022, kumbuka mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Urudishe Mbeya kwanza, la sivyo utaripoti kwamba watu wamehama kumbe uliohama ni mpaka.

Ukikwama, weka hapa ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, pamoja na namba ya EPSG ya faili lako.