Usilaze ufunguo mama chini ya mnara

Nilipoanza kuunganisha vifaa na seva za pembezoni, zile zinazokaa karibu na mnara wa simu badala ya kituo kikuu cha data, nilidhani ugumu wote uko kwenye hesabu. Nikasoma mikunjo ya eliptiki, hesabu inayotumika kutengeneza funguo za kidijitali za kuthibitisha kifaa ni kipi, mpaka macho yakauma. Hesabu haijawahi kuniangusha. Kilichoniangusha ni memori kadi.

Tulikuwa na vifaa mia mbili na kitu vya kupima mtetemo wa mashine. Niliandaa kimoja kwa uangalifu, nikakitengenezea jozi ya funguo: ule wa umma, ambao yeyote anaweza kuuona, nikausajili kwenye seva; ule wa siri, ambao kifaa hujithibitisha nao, ukabaki kwenye kadi. Kilipokubali, nikakopi kadi hiyo kwenye kadi nyingine zote na kwenda kulala. Wiki ya tatu kifaa kimoja kikapotea. Nikafanya kama inavyotakiwa: nikaufuta ufunguo wake kwenye seva. Sekunde chache baadaye taa za kijani kwenye skrini zikaanza kuzimika, safu baada ya safu, mpaka skrini nzima ikawa nyekundu. Vifaa vyote vilikuwa na ufunguo mmoja. Nikiurudisha, aliyeokota kile kimoja anaweza kujifanya chochote kati ya vyote. Nikiuacha umefutwa, sina mtandao. Tulivizungukia kimoja kimoja kwa siku nne.

Kwa hiyo ufunguo wa siri uzaliwe ndani ya kifaa chenyewe na usitoke humo. Ukipata chipu ya kuhifadhi funguo, itumie. Ila usiharakishe kuuzalisha sekunde ile ile kifaa kinapowashwa mara ya kwanza, maana wakati huo hakijakusanya unasibu wa kutosha, yaani namba zisizotabirika za kutengenezea ufunguo. Mwaka 2012 watafiti waliokusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima walikuta vifaa vingi visivyojuana vikiwa na funguo zinazofanana, na kwingine funguo za RSA (aina ya zamani, inayojengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa) zilizochangia namba tasa moja, kiasi kwamba ule wa siri ulipatikana kwa hesabu nyepesi tu. Chanzo kikubwa kilikuwa hicho hicho: vifaa vidogo vilivyobuni namba zao vikiwa bado na usingizi.

Aina ya ufunguo haihitaji mjadala mrefu. Mimi natumia Ed25519, aina fupi ya mikunjo ya eliptiki: ufunguo wa umma ni baiti 32, saini baiti 64. RSA ya nguvu inayokaribiana inataka biti 3072, na kifaa cha betri kitakulalamikia.

Sasa seva yenyewe. Kituo kikuu kina walinzi, kamera na milango ya kadi. Seva ya pembezoni imo kwenye kabati la bati lenye kufuli unayoweza kuifungua kwa bisibisi. Panga kila kitu ukijua kwamba siku moja itabebwa, na aliyeibeba ana wiki nzima ya kuifungua mezani kwake bila kusumbuliwa.

Mfano mzuri wa kuiga uko kwenye laini ya simu yako. Tangu enzi za 2G, ufunguo mkuu unakaa sehemu mbili tu: ndani ya laini na kwenye kituo cha uthibitishaji cha kampuni iliyoitoa. Ukisafiri ukatumia mtandao wa wengine, mtandao huo haupewi ufunguo wako. Unapewa swali la nasibu la biti 128, jibu lake sahihi, na ufunguo wa muda wa kufichia mazungumzo. Basi. Seva ya pembezoni nayo ihesabu kuwa ni mtandao wa ugenini. Ufunguo mama, ule mkuu unaozaa funguo za seva, ubaki kituoni, seva ipewe ufunguo mtoto uliokokotolewa kwa hesabu ya njia moja, ukichanganywa na jina la seva hiyo. Ukiibwa, hauwezi kurudishwa nyuma hadi kwa mama, wala haufanyi kazi kwenye mnara wa jirani. Kifaa kikihamia seva nyingine, kituo kitoe mtoto mpya. Seva ya zamani isimkabidhi mwenzake ule wake.

2G hiyo hiyo ina somo la pili, la aibu kidogo. Mtandao uliihoji simu, lakini simu haikuuhoji mtandao, na hapo ndipo minara bandia ilipopata riziki. 3G ndiyo iliyoleta kuhojiana pande zote mbili. Bado nakutana na watu waliozima kwenye kifaa ukaguzi wa cheti cha seva, hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa seva ni yenyewe, “kwa muda, tunajaribu tu”, na programu hiyo hiyo ikapelekwa kazini.

Utaambiwa kwamba kuhojiana kunachelewesha, na ukaribu wa seva ndiyo maana yake nzima. Malalamiko haya nayaheshimu. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kituo kilicho kilomita 1,000 kinakula milisekunde 10 za kwenda na kurudi kabla ya kazi yoyote. TLS, utaratibu wa kufunga mazungumzo kwa siri kwenye intaneti, katika toleo lake la 1.3 la mwaka 2018 unaruhusu kifaa kinachorudi kutuma data kwenye ujumbe wake wa kwanza kabisa. Tamu, lakini ujumbe huo mtu anaweza kuunasa na kuurudia. Kipimo cha joto kikirudiwa, si hasara kubwa. Amri ya “fungua vali” ikirudiwa ni habari nyingine. Amri zisubiri mzunguko kamili wa kuhojiana.

Kuna kitu ambacho sikukisoma popote kabla hakijanikuta: saa. Umeme ulikatika, ukarudi, na vifaa visivyo na betri ya saa vikaamka vikiamini ni tarehe 1 Januari 1970. Cheti cha seva kikaonekana bado hakijaanza kutumika, vikakataa kuongea nayo, na saa sahihi vingeipata kwa kuongea nayo. Siku hizi kifaa kinaandika saa yake kwenye diski kila baada ya dakika kumi, na kikiamka kinaanzia hapo.

Vyeti vyangu vinaishi siku 7, vinahuishwa siku ya 4. Nilijaribu saa 24, kisha kiungo cha kituo kikakatika siku mbili.

Kabla ya kufungua eneo jipya nachomoa seva, naiweka mezani mbele ya wenzangu na kusema: hii imeibwa, tunabadilisha nini? Mara ya mwisho tulimaliza kwa dakika ishirini. Kisha mmoja wetu akavuta droo, akatoa flashi ya chelezo yenye funguo zote ndani yake.