Usiulize nchi gani, uliza unaingia kama nani

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza mtu anayetaka kuhamia nchi nyingine aanze kwa kujiuliza swali gani. Mimi nilishahama siku nyingi na nimewasaidia watu kujaza mafomu mpaka nimezoea, na swali la kwanza huwa ni lile lile, eti nchi gani rahisi kuingia saa hizi. Hilo silijibu kabisa. Namrudishia yeye, wewe unataka kuingia kama nani?

Maana watu wawili wanaweza kushuka ndege moja na maisha yao yakawa mbali mbali kabisa. Mmoja ana ukaazi wa kudumu, anafanya kazi anayotaka, akichoka anaacha, akitaka anasoma. Mwenzake ana kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, siku huyo mwajiri akifilisika au akimchoka tu, basi na kibali kinaanza kuyeyuka. Uingereza mwajiri wako akinyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi wa nje kwa kawaida unapewa siku 60 upate mdhamini mwingine au ufungashe. Marekani mwenye H-1B, viza ya kazi ya wenye taaluma, akipoteza kazi naye ana hadi siku 60. Sasa jaribu kutafuta kazi kwa siku hizo, tena si kazi yoyote, kazi ya mwajiri mwenye ruhusa ya kukudhamini na aliye tayari kuingia gharama hizo, huku una kodi ya nyumba na watoto shule. Ndio maana wengi wanavumilia mabosi wabaya miaka na miaka, wakipigiwa simu na nyumbani wanasema kila kitu shwari.

Halafu kuna hili, naweza kwenda na viza ya kutembea alafu nibadilishe nikiwa huko huko? Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi kwa sababu kila mtu anamjua mtu aliyefanya hivyo ikakubali. Huenda ni kweli ilikubali, ila uliza mwaka gani. Kanada mwezi Agosti 2020, sababu ya korona, iliruhusu kwa muda wageni waliokuwa ndani ya nchi waombe kibali cha kazi bila kutoka, na tarehe 28 Agosti 2024 ikaifunga hiyo njia, ila stori yake haikufungwa, nimeona watu wakiendelea kuuziwa kana kwamba ipo. Uingereza ukiwa umeingia kama mgeni wa matembezi huwezi kubadilisha kwenda viza ya kazi ukiwa ndani, ni lazima utoke uombee nje. Na Marekani kuna kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji, kinamhesabu mwombaji wa viza ya kutembea kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe amshawishi ofisa kwamba sivyo, ndiyo sababu unaona mtu ana kazi nzuri na familia na bado ananyimwa baada ya maswali matatu dirishani.

Na ukiamua kudanganya kwenye fomu ujue unacheza na nini. Kanada wakikukamata na taarifa ya uongo wanakufungia miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10, Marekani uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi unaweza kukuzuia maisha. Tena taarifa ya benki ya kughushi aliyokutengenezea ajenti inahesabika ni uongo wako wewe, jina kwenye fomu si lako?

Tumefika kwa maajenti sasa. Watu huuliza "ajenti gani mwaminifu" na mimi nasema uliza kwanza kama unamhitaji. Fomu nyingi unajaza mwenyewe onlaini, na ajenti hana mlango wa nyuma ubalozini hata akuonyeshe picha gani. Ukiona lazima upate msaada, Kanada, Australia na Uingereza zina orodha rasmi za wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo, unaingia kwenye saiti ya orodha hiyo unaandika jina lake unaona yupo au hayupo, basi, akianza kuleta maneno mengi kwa nini hayupo achana naye. Wanaotafuta kazi za nje kupitia mawakala wajue pia Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 181 wa mwaka 1997 unaosema wakala asimtoze mfanyakazi ada, mwenye kulipa ni mwajiri. Si kila nchi imeusaini na hata zilizosaini utekelezaji ni hadithi nyingine, ila kazi ya usafi au ulinzi inayodai ulipe kwanza mshahara wa mwaka mzima ili uipate, hiyo jamani ni biashara ya kukuuza wewe.

Kuna waliokuwa wananunua barua za ajira za Kanada ili wapate pointi kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua waombaji wa ukaazi wa kudumu kwa pointi. Mfumo huo ulianza Januari 2015 na barua ya ajira ilikuwa inaongeza pointi, watu wakageuza soko. Tarehe 25 Machi 2025 serikali ikaziondoa hizo pointi zote. Aliyekuwa ameshalipa akabaki na karatasi.

Bahati nasibu ya green card, yani ukaazi wa kudumu wa Marekani, nayo inaulizwa sana. Kuchaguliwa si kupata. Kwa bahati nasibu ya mwaka 2025 (DV-2025) walichaguliwa kama watu 131,000, ukijumlisha na familia zao, wakati viza zenyewe hazizidi 55,000, na zisipotoka mpaka tarehe 30 Septemba ya mwaka huo wa bajeti nafasi yako imekufa hata kama intavyuu ulikuwa umepangiwa. Na hawakuandikii imeli kwamba umeshinda, unaangalia mwenyewe kwenye saiti yao kwa namba uliyopewa ulipojisajili. Imeli ya pongezi inayoomba hela ni ya wezi.

Vyeti. Hapa naomba mnivumilie maana watu wanapapita haraka kumbe ndipo maisha yao ya huko yanapoamuliwa. Swali la "cheti changu kitakubalika?" lina majibu mawili na watu wanasikia moja tu. Kuna kukubalika kwa uhamiaji, yani kuna taasisi inatazama digrii yako inasema hii inalingana na digrii ya kwetu, unapata pointi au viza. Na kuna kukubalika kufanya hiyo kazi yenyewe, na hilo liko mikononi mwa bodi za taaluma ambazo hazina habari na viza yako. Daktari anaweza kupata ukaazi wa kudumu kwa nguvu ya udaktari wake alafu asiruhusiwe kumgusa mgonjwa. Marekani kwa kawaida lazima apite mitihani ya leseni ya udaktari, USMLE, na afanye mafunzo ya hospitali upya hata kama alikuwa bingwa alikotoka. Nesi kule anafanya mtihani wa leseni wa NCLEX, Ujerumani anatakiwa kuwa na Kijerumani cha kuhudumia wagonjwa, mara nyingi kiwango cha B2 (juu ya kati), na cheti chake kipitishwe na mamlaka ya jimbo. Walimu, wanasheria na wafamasia hivyo hivyo. Mtu wa kompyuta au fundi wa kuchomelea kwa kawaida hana bodi ya namna hiyo ingawa kuna nchi fundi naye anahitaji leseni, kwa hiyo mwenye digrii ndogo wakati mwingine anaanza kazi yake mwezi wa kwanza na daktari bingwa yuko ghalani anapanga maboksi. Kabla hujalipia kitu chochote tafuta bodi ya taaluma yako ya huko, soma masharti yao, hesabu mitihani na miaka. Kwa Ujerumani kuna hifadhidata inaitwa anabin, unaangalia chuo chako bure kabisa.

Na hati zenyewe (kuzaliwa, ndoa, digrii) zinatakiwa kuthibitishwa. Kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambuliana hati, kwa kawaida muhuri mmoja wa apostili unatosha, China imeingia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. Kama mojawapo haimo unazunguka, wizara, ubalozi, mtafsiri. Jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti na pasipoti lirekebishe ukiwa bado kwenu, huko nje ni mateso.

Hela je? Jumlisha nauli na ada alafu utafute na zile ambazo hazitajwi kwenye matangazo. Uingereza watu wazima wengi wanalipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya huduma ya afya, na inalipwa yote mwanzoni, kwa hiyo viza ya miaka 5 ni pauni 5,175 kwa kichwa kimoja kabla hujagusa ada ya viza yenyewe, ingawa wa viza ya afya na matunzo wamesamehewa. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani anaonyesha euro 11,904 za mwaka, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa, anaruhusiwa kuchomoa 992 kwa mwezi. Hiyo si ada, ni hela yake ya kula, lakini lazima iwepo yote.

Umri unahesabika, Express Entry pointi za umri zinakuwa juu kabisa miaka 20 hadi 29 na ukifika 45 ni sifuri. Lugha ni mtihani, matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, yanadumu miaka 2, usifanye mapema mno. Mengine hapo ni juhudi zako.

Familia ndiyo inayorudisha kwenye lile swali langu, maana mume au mke wako haruhusiwi na nchi, anaruhusiwa na aina ya viza yako. Uingereza kuanzia Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na familia isipokuwa wa utafiti, na wahudumu wa matunzo wakafuata tarehe 11 Machi 2024, kisha Julai 2025 njia yao yenyewe ikafungwa kwa waombaji wapya walioko nje. Kuna wazazi walioondoka wakiahidi watoto "baada ya miezi sita mnanifuata". Mkiwa mnapanga hilo someni sharti la wategemezi kabla ya sharti la mshahara.

Kuna anayeuliza kama aombe ukimbizi akifika. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamlinda anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ugumu wa maisha haumo. Kama unao huo woga wa kweli tafuta wakili mapema, kama huna usitungiwe stori.

Ukaazi wa kudumu nao una masharti, Kanada uwe ndani siku 730 katika kila miaka 5, na uraia ni siku 1,095. Uraia mpya unaweza kukutoa wa zamani, Japani na Singapore haziruhusu watu wazima kushika viwili, Ujerumani imeruhusu tangu tarehe 27 Juni 2024, lakini angalia na sheria ya kwenu upande wa pili, Ujerumani kuruhusu hakumlazimishi mwingine.

La mwisho ambalo nadra kuulizwa, nikirudi je? Ile hela ya pensheni unayokatwa kila mwezi baadhi ya nchi unaweza kuidai ukiondoka moja kwa moja. Australia aliyekuwa na viza ya muda anadai akiba yake ya uzeeni akishatoka na viza ikishaisha. Japani unaomba ndani ya miaka 2 tangu utoke. Ujerumani wengi wasio wa Umoja wa Ulaya waliochangia chini ya miezi 60 wanaweza kuomba sehemu yao baada ya miezi 24 nje, ikitegemea uraia na mikataba. Kwa hiyo hati ya mshahara ya kwanza ukipewa, na namba yako ya pensheni, piga picha uhifadhi mahali ambapo simu ikipotea hazipotei, maana kuzitafuta ukiwa umeshaondoka, na kampuni yenyewe huenda ilishafungwa, si mchezo.