Mkoba wa mtoto: anza na kile kimfuko kidogo

Dada, umeuliza upange vipi mkoba wa mtoto ili usihangaike kupekua huku analia. Nepi kwanza: hesabu saa mtakazokuwa nje, moja kwa kila saa mbili, kisha ongeza mbili za akiba.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kimfuko cha zipu ndani ya mkoba mkubwa. Humo naweka nepi mbili, wipesi, mafuta ya kupaka na kitambaa cha kumlazia. Wakati wa kumbadilisha nachomoa hicho tu. Ukiwa chooni, mkono mmoja umembana mtoto kifuani na hakuna pa kutua mzigo, utakishukuru.

Nguo seti moja kamili inatosha, ila iviringishe pamoja na uitie kwenye mfuko usiovuja. Ukimvalisha safi, chafu zinaingia humo humo. Na wewe beba blauzi! Mtoto akikucheulia begani mkiwa bado njiani, utazunguka siku nzima na ile harufu ya maziwa.

Kama anatumia maziwa ya unga, beba unga mkavu uliokwisha kupimwa, maji ya moto kwenye thermosi, uchanganye papo hapo na uyapoze kabla ya kumpa. Tafadhali usimpe yaliyokaa zaidi ya saa mbili bila friji, na akishaanza kunywa, yanayobaki baada ya saa moja yamwage.

Ukirudi tu nyumbani, toa vichafu na ujaze upya kabla hujakaa.