Beki aliyezaliwa Oktoba

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni mchezaji gani aliyepuuzwa akiwa kijana, kisha majaribio ya siku chache yakambadilishia maisha, na kwa nini unamkumbuka?" Najua wengi watawajibu kwa soka. Mimi nawaandikia kutoka Calgary, jimbo la Alberta, Kanada, na huku ukitaja mchezo bila kufafanua, watu wanaelewa hoki ya barafuni. Jibu langu ni Mark Giordano. Alikuwa beki, na mwaka 2004 aliingia kambi ya kiangazi ya timu ya Calgary Flames akiwa kijana ambaye timu zote za ligi kuu ya NHL zilikuwa zimempita.

Ila siwezi kumweleza Giordano kabla sijamtaja mtu mwingine, mfupi, aliyeliliza jiji hili wiki chache kabla ya kambi hiyo.

Nilifika hapa Februari ya mwaka huo huo nikitokea Tanga. Hoki nilikuwa siijui kabisa. Kufika Mei nikakuta jiji zima limevaa nyekundu. Barabara ya 17 jioni haipitiki kwa watu, honi mpaka usiku wa manane, wageni tusiojuana tunakumbatiana. Flames walikuwa fainali ya Kombe la Stanley, taji la NHL, na fainali hiyo huchezwa mpaka timu moja ishinde mechi nne. Nahodha wao alikuwa Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, na nilipoambiwa kwamba jina lile kwa Kiyoruba ni mti mkubwa, nikawa shabiki siku hiyo hiyo.

Tarehe 5 Juni ilichezwa mechi ya sita, hapa nyumbani, kwenye ukumbi wa Saddledome. Flames walikuwa wanahitaji ushindi mmoja tu wabebe kombe. Dakika za kawaida zikaisha 2-2. Nyongeza ya kwanza, hakuna kitu. Nyongeza ya pili, sekunde ya 33, Martin St. Louis wa timu pinzani, Tampa Bay Lightning, akafunga. Siku mbili baadaye Tampa wakashinda mechi ya saba kwao, 2-1, wakachukua kombe.

Nilikuwa nafanya usafi wa ofisi usiku pamoja na mzee mmoja mzaliwa wa hapa, na ndiye aliyenieleza kwa nini bao lile liliuma mara mbili. St. Louis alikuwa wa kwetu. Alipomaliza Chuo Kikuu cha Vermont hakuna timu iliyokuwa imemchagua, kwa sababu ya kimo: futi tano na inchi nane. Flames wakamsajili mwaka 1998. Akacheza mechi 69 tu katika misimu miwili, akapata mabao manne, muda mwingi akisugua benchi au akishushwa timu ya daraja la chini, na mwaka 2000 wakamwacha aende. Sasa msimu huo wa 2003 hadi 2004 alikuwa ameongoza ligi nzima kwa pointi 94, mabao na pasi za mabao pamoja, na akatangazwa mchezaji bora wa msimu. Mzee yule alikuwa anasukuma deki huku anatikisa kichwa: tulikuwa naye mkononi.

Kiangazi hicho hicho ndipo timu hiyo hiyo ikamwita Giordano.

Kwa wasomaji wasioujua mfumo huu, nieleze kidogo. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, timu za NHL huchagua vijana kwa zamu, wengi wao wa miaka 18. Siku hizi timu ni 32 na zamu ni saba, kwa hiyo majina 224 yanaitwa. Enzi za Giordano zamu zilikuwa tisa na majina karibu 290. Familia zinakaa na suti zao zikisikiliza. Kijana akipitwa anaweza kuwa bado amo kwenye orodha mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata akapitwa tena. Giordano alizaliwa Toronto tarehe 3 Oktoba 1983, akacheza misimu miwili kwenye ligi ya vijana katika mji mdogo wa Owen Sound, Ontario, na majina yote hayo yalisomwa bila lake kusikika. Alikuwa tayari anajiandaa kwenda Chuo Kikuu cha York kusomea biashara.

Baada ya uchaguzi, timu huita vijana wake kambini kwa siku chache. Pamoja na wale waliochaguliwa huita wengine wachache ambao hawana mkataba wala ahadi yoyote, ni wageni tu. Hao ndio hasa walio kwenye majaribio. Timu hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50 kwa wakati mmoja, na kikosi cha kwanza ni watu 23, kwa hiyo anayealikwa anajua kabisa kwamba hata akicheza vizuri huenda nafasi haipo.

Mimi kambi kama hiyo nimeiona kwa macho yangu. Kuna miaka mazoezi yanafunguliwa kwa watu wote, unaingia bure, unakaa kwenye benchi la baridi na koti lako wakati nje ni Julai. Nilimpeleka mwanangu wa pili, naye akaning'ang'aniza tukarudi siku nne mfululizo. Nikamtazama kijana mmoja aliyepewa jezi yenye namba kubwa, zaidi ya 80, namba ambazo mara nyingi wanapewa wasiotarajiwa kubaki. Jina lake silitaji, bado ni kijana na maisha yake ni yake.

Siku ya kwanza kocha alikuwa anatupa paki, kile kisahani kigumu cha mpira mweusi, kwenye kona ya uwanja, na wachezaji wawili wanaifuata kwa kasi mpaka ukutani. Anayetoka nayo ndiye mshindi. Kijana yule alipoteza mara tatu. Kila mara alifika wa kwanza, na kila mara yule wa nyuma, aliyemzidi mwili, alimsukuma kwa bega akabanwa kwenye ukuta kama kanzu kwenye msumari, paki ikaondoka. Ningekuwa mimi ndiye skauti, yaani mtafuta vipaji wa timu, ningemfuta pale pale.

Baada ya zoezi wenzake walikwenda kunywa maji. Yeye alibaki na kocha msaidizi kwenye kona ile. Hatukusikia walichosema, tuliona mikono tu. Kocha alimshika kiuno akamgeuza ubavu. Akamwonyesha mguu wa nje ukae wapi. Kisha akachukua gongo lake akalipitisha chini ya gongo la kijana na kuliinua. Mara moja, mara mbili, wanarudia polepole kama watu wanaofundishana kucheza ngoma.

Siku ya tatu zoezi likarudi. Kijana yule hakukimbilia tena paki moja kwa moja. Hatua mbili kabla ya ukuta alipunguza mwendo, akatazama nyuma juu ya bega, akaupa ukuta ubavu badala ya kifua, na yule mwenye mwili mkubwa alipofika, gongo lake likainuliwa juu kabla hajagusa kitu. Paki ikabaki chini ya mguu wa mdogo. Akageuka, akatoka nayo. Pale juu kwenye viti walikuwepo wanaume watatu wenye madaftari, na mmoja niliona anainama na kuandika. Mwanangu alinishika mkono kwa nguvu.

Hiki ndicho ninachotaka kukisema kuhusu Giordano na kuhusu swali lenu. Skauti anayezunguka msimu mzima anaona mechi: leo Owen Sound, kesho mji mwingine. Anaona kijana yuko wapi usiku ule. Kambini anamwona yule yule Jumatatu na Alhamisi, akiwa ameelekezwa jambo katikati, na anaweza kupima tofauti. Kwa kijana ambaye mwili au bahati ilimchelewesha, ile tofauti ndiyo mtaji wake wote. Mechi moja haiwezi kuionyesha.

Na wapo wanaocheleweshwa na kalenda tu. Hili nalijua kwa uchungu. Hapa Kanada watoto hupangwa kwenye timu kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari Mosi. Mtoto wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wanawekwa pamoja, ingawa kati yao kuna karibu miezi kumi na miwili. Wakiwa na miaka minane, hiyo ni sehemu kubwa ya umri wao. Mkubwa ana nguvu zaidi, anachaguliwa timu ya juu, anapata kocha mzuri na muda mwingi wa barafu, na mwaka unaofuata kweli anakuwa bora zaidi. Watafiti wa hapa hapa Alberta, Roger Barnsley na wenzake, waliliandika jambo hili mwaka 1985, wakionyesha jinsi wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walivyojaa kwenye hoki ya vijana na hata NHL. Mwaka 2013 utafiti mwingine ukaonyesha upande wa pili: kati ya waliochaguliwa na NHL, wale waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walicheza vizuri zaidi ya nafasi waliyochaguliwa. Maana yake timu zilikuwa zinawashusha thamani.

Mwanangu huyo alizaliwa Novemba. Akiwa na miaka 12 alitemwa na timu aliyoipenda. Orodha ilibandikwa mlangoni jioni, tukaisoma pamoja tukiwa na begi lake kubwa la vifaa. Alisoma mara mbili, akiweka kidole kwenye kila jina. Mimi siku hizo nilikuwa nimeshaanza kazi kwenye uwanja wa barafu wa mtaani kwetu, ninafungua milango alfajiri, naendesha mashine ya kumwagia maji na kulainisha barafu, nalowanisha na kukausha mazulia ya mpira. Nawaona watoto wote, wanaobaki na wanaoondoka. Sikuwa na neno la kumwambia kwenye gari. Nilipofika nyumbani nilitafuta tarehe ya kuzaliwa ya Giordano, nahodha wetu wa zamani, nikamwonyesha: Oktoba.

Maana yule kijana wa 2004 hakwenda York. Siku zile za kambi ziliwatosha Flames kumpa mkataba, si wa NHL bali wa timu ya daraja la chini, Lowell Lock Monsters kule Massachusetts. Msimu huo ligi kuu yenyewe haikuchezwa hata mechi moja kwa sababu ya mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji, kwa hiyo daraja la chini lilijaa vijana wazuri ambao kwa kawaida wangekuwa juu. Alijifunzia humo. Mwaka uliofuata akaonja NHL kwa mechi chache. Mwaka 2007 hawakuelewana kuhusu mkataba, akaenda Urusi kuchezea Dynamo Moscow msimu mzima, na wengi wangeishia huko. Alirudi 2008. Mwaka 2013, baada ya Iginla kuuzwa, yeye ndiye akapewa unahodha wa Flames, akaubeba mpaka 2021. Na mwaka 2019 akapewa tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, baada ya msimu wa mechi 78, mabao 17 na pasi za mabao 57. Alikuwa na miaka 35, umri ambao mabeki wengi wanatafuta namna ya kuaga.

Mzee wangu wa deki alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia simu usiku ule wa tuzo. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama nakumbuka bao la St. Louis. Nikamwambia nalikumbuka. Akasema labda safari hii tulitazama vizuri. Sina hakika kama ndani ya ofisi za Flames kuna aliyelifikiria jambo hilo kwa namna hiyo, lakini mimi nimelishika kama alivyoniambia.

Kuhusu kijana wa namba kubwa niliyemtaja: siku ya nne walicheza mechi wao kwa wao. Hakufunga. Kwenye kona alishinda zaidi ya alivyoshindwa, nilihesabu. Baadaye nilimwona nje, amekaa juu ya begi lake akisubiri gari, anakula ndizi. Mwanangu alimwendea akamwomba saini kwenye kofia. Kijana alishangaa, akauliza kama ana hakika anamtaka yeye. Mwanangu akamwambia ndiyo, kwa sababu ya ile kona.

Kofia ile iko juu ya kabati la mwanangu. Sasa ana miaka 14, ameanza kurefuka, suruali za Aprili hazimfiki tena. Majaribio ya timu ile ile iliyomtema ni wiki ya kwanza ya Septemba. Kila jioni nikimaliza zamu ninamwachia dakika ishirini za barafu kabla sijazima taa, naye anazitumia zote kwenye kona, ubavu kwenye ukuta, anatazama nyuma juu ya bega.