Maswali ya wasomaji: Udongo wa pwani na ramani yake

SWALI: Kikundi chetu kinalima ekari 60 karibu na bahari. Tulichota udongo huku na kule, tukauchanganya wote, tukapeleka maabara. Majibu: rutuba ya wastani. Tukaweka mbolea sawa kote. Sasa upande wa kichanga mahindi ni ya njano, na bondeni ncha za majani zimeungua. Tukitaka kuchora ramani ya rutuba, tuanzie wapi?

JIBU: Maabara haikukosea, kosa liko ndani ya ndoo. Mlichanganya udongo wa aina kadhaa, na huo wastani haupo popote shambani mwenu.

Kabla ya kuchimba, tembeeni kutoka upande wa bahari kwenda bara, mkigawa shamba kwa rangi ya udongo, mwinuko na jinsi mazao yanavyomea. Kichanga kiwe kanda yake, udongo ulio juu ya mawe ya matumbawe kanda yake, mfinyanzi wa bondeni vivyo hivyo. Kanda ikizidi ekari 5, igawanyeni tena.

Kila kipande chukueni vijisampuli 15 hadi 20 kwa njia ya kombokombo. Chimbeni shimo la sentimita 20, kisha kateni ubavuni kibanzi cha unene wa sentimita 2, kuanzia juu hadi chini kabisa. Hapa ndipo wengi huchoka: koleo likiishia katikati, udongo wa juu unazidi na majibu yanapendeza kuliko shamba. Ndoo iwe ya plastiki, kwa kuwa ya bati huongeza zinki. Rukeni vichuguu, palipochomwa takataka na palipolala mifugo. Changanyeni, mpunguze hadi nusu kilo, muanike kivulini. Lebo iandikwe kwa penseli, na nukta ya GPS ichukuliwe katikati ya kipande.

Bondeni kuna shaka ya chumvi. Hapo chukueni sampuli mbili, sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50, mwishoni mwa kiangazi. Baada ya mvua kubwa chumvi huwa imeshuka chini na kipimo kinadanganya. Iulizeni maabara imepimaje. Chumvi hupimwa kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme, na kizio chake ni desisiemensi kwa mita. Mpaka wa 4, ambao ukivukwa udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi, unahusu maji yaliyokamuliwa kwenye tope la udongo uliolowa barabara. Udongo huohuo ukikorogwa na maji mara 5 ya uzito wake husoma kidogo sana, na mtu akadhani yuko salama.

Kuhusu njano ya kichangani, kinachoshukiwa kwanza ni naitrojeni kuoshwa na mvua. Gawanyeni mbolea ya kukuzia mara 2 au 3.

SWALI: Programu ya kompyuta imetutolea ramani ya rangi nzuri kutokana na nukta 12. Tuiamini?

JIBU: Hapana. Kati ya nukta na nukta programu inakisia, na haijui pale katikati kuna mkondo wa maji ya chumvi. Ukadiriaji wa namna hiyo huhitaji nukta zipatazo 100. Kwa 12, pakeni kila kipande rangi moja. Tena msichore ramani moja ya “rutuba”: pH (kipimo cha uchachu wa udongo) peke yake, fosforasi peke yake, potasiamu, kaboni na chumvi hivyo hivyo. Fosforasi yote ipimwe kwa njia moja. Namba za njia ya Olsen na za njia ya Bray, ambazo maabara hutumia kupimia fosforasi, hazikai kwenye ramani moja.