Maswali na Majibu: Laptopu Ndogo Isiyo na Pa Kutilia Sidii

Maswali ya safari hii yametoka Unguja na Pemba, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mwenye laptopu ndogo, isiyo na mahali pa kutilia sidii, atajiokoa vipi siku mashine itakapokataa kuwaka. Maswali nimeyafupisha, majibu nimeyaacha marefu pale ambapo ufupi ungemponza muulizaji.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, Wete. Laptopu yangu ya zamani ilikuja na sidii za kurudishia Windows. Hii mpya ni ndogo, haina pa kutilia sidii wala haikuja na sidii yoyote. Ikiharibika nitairudisha kwa kitu gani?*

Waalaykum salaam, Maalim. Mtengenezaji hakukuacha mikono mitupu. Laptopu nyingi za aina hiyo zina sehemu ya diski iliyotengwa na kufichwa, ambamo mna kila kinachohitajika kuirudisha mashine ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Katika Acer nyingi sehemu hiyo huitwa kwa kubonyeza Alt pamoja na F10 wakati wa kuwasha, katika HP nyingi kwa F11, na katika baadhi ya Lenovo kuna kitundu kidogo ubavuni kinachobonyezwa kwa pini. Udhaifu wake ni kwamba imo ndani ya diski ile ile: diski ikifa, nayo imekufa, na fundi akifuta diski yote ili apige Windows upya, mara nyingi huwa ameifuta pamoja na vyengine.

Kwa hivyo tengeneza flashi ya kurejeshea sasa, mashine ikiwa nzima. Tafuta flashi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote. Ichomeke, andika RecoveryDrive katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, weka alama pale unapoulizwa kama mafaili ya mfumo nayo yanakiliwe, kisha uiache ifanye kazi huku chaji imechomekwa. Flashi ya bei rahisi inaweza kuchukua muda mrefu, na wengi huichomoa wakidhani imekwama. Ikimaliza, ijaribu: zima laptopu, iwashe kwa kutumia flashi hiyo, hakikisha menyu ya kurejesha imetokea, kisha utoke bila ya kuchagua chochote, kwani ukiendelea mbele itaanza kufuta. Flashi ambayo haijawahi kujaribiwa usiihesabu.

Sasa ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike. Flashi hiyo hairudishi hata ukurasa mmoja wa mitihani yako. Inarudisha Windows tu, na Windows ni kitu kinachopatikana: mtu mwenye kompyuta nyengine na bando la kutosha anaweza kuipakua kutoka tovuti ya Microsoft, akaiweka katika flashi ya GB 8, na laptopu nyingi zilizouzwa na Windows 8 au matoleo yaliyofuata zinabeba namba ya leseni ndani ya mashine yenyewe, hivyo hutaulizwa tena. Alama za wanafunzi ulizojaza muhula mzima hazipakuliwi popote. Hizo zinataka nakala yake pekee, katika diski ya nje au flashi ya pili, na nakala hiyo ifanywe kila wiki, si kila unapokumbuka.

*Umeme ulikatika usiku, na betri ya laptopu ya binti yangu ilikuwa imeshachoka. Tangu siku hiyo inaonesha nembo ya kampuni, inazunguka, inazima na kuanza upya. Fundi anasema lazima apige Windows upya na kila kitu kitapotea. Ndani mna ripoti yake ya utafiti ya chuo. Nimruhusu? Mzazi, Chake Chake.*

Mzazi mwenzangu, usimruhusu bado. Mfumo kushindwa kuwaka si sawa na mafaili kupotea. Mara nyingi kilichoharibika ni mafaili machache ambayo Windows huyahitaji ili iamke, na ripoti ya binti imekaa pale pale ilipokuwa. Kinachoweza kuipoteza kweli ni hiyo kazi ya kupiga Windows upya ikifanywa kwa pupa.

Mwambie fundi, au kijana yeyote mwenye kompyuta nzima, atengeneze flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwa kutumia programu ya Rufus. Flashi hiyo ichomekwe kwenye laptopu mbovu, kisha wakati wa kuwasha ibonyezwe F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP, au Esc kwa Asus. Katika Acer nyingi F12 haifanyi kazi mpaka kwanza uingie kwenye mipangilio ya mashine kwa F2 na kuiruhusu. Wengi hukata tamaa hapo na kusema flashi ni mbovu. Ukichagua flashi katika orodha itakayotokea, Linux itaendeshwa kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski ya ndani. Juu ya skrini utaona alama ya kuiweka Linux katika diski; hiyo usiiguse kabisa. Fungua folda ya nyumbani, tafuta diski ya laptopu upande wa kushoto, ingia Users, kisha jina la binti, kisha Documents na Desktop. Nakili ripoti kwanza, peke yake, ndipo uende kwenye picha na vyengine, kwa sababu ikiwa ni diski inayokufa haitakusubiri umalize picha za harusi. Laptopu ndogo mara nyingi huwa na matundu mawili tu ya USB, moja limeshachukuliwa na Linux, kwa hiyo panya wa kompyuta (mausi) aondolewe ili diski ya nje ipate pa kuchomekwa.

Huenda ukakuta diski imefungwa na unaulizwa namba ya tarakimu 48. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hujifunga zenyewe kwa usalama, na namba hiyo mara nyingi huwa imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ambayo binti aliitumia siku ya kwanza kuiwasha mashine. Aingie katika akaunti hiyo kwa simu, aiandike namba kwenye karatasi. Bila ya namba hiyo hakuna fundi, awe wa Chake au wa Dar es Salaam, atakayeyasoma yaliyomo.

Nakala ikishafunguliwa na kusomwa katika mashine nyengine, hapo fundi na apige Windows.

*Ninunue kile kifaa cha nje cha kusomea sidii? Mlandege.*

Hapana, isipokuwa una sidii nyingi za zamani zenye picha au mawaidha unayotaka kuyahamisha. Kwa kurejesha laptopu, flashi inatosha na ina kasi zaidi. Ukiwa na sidii moja tu, tuseme ya printa, mwombe mwenye kompyuta kubwa aikopie kwenye flashi.

*Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, Paje. Daftari letu la mauzo liko katika laptopu ndogo, na kila kitu kinajipeleka chenyewe Google Drive. Je, bado tunahitaji flashi?*

Ndiyo, Bi Katibu, mnaihitaji. Google hutoa GB 15 bila ya malipo, ambazo zinagawanywa na barua pepe na picha zenu, na kwa daftari la mauzo nafasi hiyo ni kubwa mno. Laptopu ikiibiwa leo, daftari mtalikuta huko, na kwa sababu hiyo nawasihi muendelee. Lakini utaratibu wa kujipeleka wenyewe hupeleka na makosa. Mtu akifuta daftari kwenye laptopu, linafutika na huko. Litakaa katika pipa la taka siku 30, kisha limekwenda. Na mwenye kugundua kosa la hesabu za msimu uliopita huwa amechelewa kuliko siku 30. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nakili daftari kwenye flashi kwa jina lenye mwezi na mwaka, na la mwezi uliopita msilifute. Neno la siri la akaunti nalo lijulikane na watu wawili katika kikundi, sio katibu peke yake.

*Laptopu yangu ina GB 32 tu, imejaa, na Windows 10 haijisasishi tena. Niitupe? Mkoani.*

Usiitupe, ndugu yangu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka angalau GB 64 za diski, kwa hiyo huko huwezi kwenda. Tena diski ya mashine kama yako kwa kawaida imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa mashine. Haichomolewi ikatiwa kubwa zaidi, wala fundi hawezi kuichomeka kwenye kompyuta nyengine siku ubao ukifa. Mwenye mashine ya namna hii ana sababu zaidi kuliko wengine ya kuwa na nakala nje.

Ningekushauri uhamie Linux Mint, ambayo inahitaji angalau GB 20 za diski na GB 2 za kumbukumbu (RAM), na inakuja na LibreOffice ya kuandikia barua na kufanyia hesabu. Kabla ya hapo, hifadhi diski nzima katika diski ya nje kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, ili ukijuta uweze kurudi ulikotoka. Clonezilla ni bure na hukopia sehemu zenye data tu, lakini skrini yake ni ya maandishi matupu na inaweza kukuogopesha. Angalia majina: diski ya ndani ya aina yako huonekana kama mmcblk0, na vinavyochomekwa kwa USB, yaani flashi ya Clonezilla na diski ya nje, huonekana kama sda au sdb. Soma mara mbili nini kinanakiliwa na kinakwenda wapi kabla ya kukubali, maana ukigeuza njia utaifuta ile unayotaka kuiokoa.

*Flashi yangu ya akiba niiweke wapi? Hapa Nungwi kila chuma kinaota kutu.*

Itie katika kikopo kinachofungika vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari. Ya pili ikae nyumba nyengine, kwa ndugu unayemwamini. Flashi ya akiba isiende kamwe steshenari kuchapisha. Huko ndiko zinakookota virusi vinavyoficha mafaili na kuacha vivuli vya majina tu. Likikufika hilo, fahamu kwamba mafaili mara nyingi yamefichwa, hayakufutwa, na ukiichomeka katika Linux utayaona. Kila baada ya miezi michache itoe, uichomeke, ufungue faili mbili tatu, kwa sababu flashi iliyolala miaka bila ya umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Na ukiichomeka kompyuta ikaomba iifomati, kataa. Usiandike kitu chochote juu yake. Mpelekee mtu anayejua kutumia TestDisk na PhotoRec, programu za bure za kuokoa mafaili, aiambie PhotoRec iweke itakachokiokoa kwenye diski nyengine, si kwenye flashi ile ile.